Mabanda ya Panya wa Mianzi

Nilikotoka mimi, panya ni kitoweo. Nalisema mapema ili anayetaka kuweka kitabu chini akiweke. Huko Masasi, majani ya mashambani yakishachomwa, tulikuwa tunafukua mashimo yao kwa jembe huku wenzetu wakingoja upande wa pili na vikapu, na bibi akawabanika juu ya uchanja mpaka wakakauka kama dagaa. Wenyewe tunawaita samaki nchanga, samaki wa mchangani. Nilipohamia Dar es Salaam kutafuta maisha nilijifunza kunyamaza. Mtu akisikia unatoka kusini, swali lake la kwanza ni hilo, na analiuliza ameshaanza kucheka. Mke wangu ni mtu wa Tanga. Nilikaa naye muda mrefu kabla sijamwambia, na siku nilipomwambia alitoka, akasimama uani, akarudi na kusema, "Mswaki wako na wangu isikae kikombe kimoja." Alikuwa anatania, lakini tangu siku hiyo miswaki ilikaa mbalimbali.

Guangzhou, huku China, nilikuja kwa ajili ya jinzi. Kazi yangu ni kukagua mzigo wa wafanyabiashara wa Kariakoo na Lubumbashi ambao hawawezi kuja kila mara. Naangalia zipu, mshono wa mapajani, rangi kama inachuja, kisha mzigo unafungwa marobota na kwenda kontena. Karakana zenyewe ziko Xintang, pembezoni mwa jiji. Wenzangu wengi walikaa mjini kati na kwenda huko kwa treni asubuhi, lakini mimi nilichoka na safari hiyo, nikamwomba laoban mmoja, yaani bosi wa karakana niliyoizoea, anitafutie chumba karibu. Akanipeleka kwa ndugu yake, kijijini, juu ya kilima kilichojaa miti ya lichi, yale matunda yanayofanana na shokishoki ila hayana manyoya.

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mkimya. Katika mkono wa kulia alibaki na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na mashine katika kiwanda alichofanyia kazi ujana wake. Mkewe alikuwa mrefu kumzidi na ndiye msemaji. Mtoto wao mmoja wa kiume alifanya kazi mji mwingine na kurudi mwaka mpya tu. Walinipa chumba cha ghorofani, kitanda cha mbao na feni.

Asubuhi ya kwanza niliamshwa na sauti kutoka nyuma ya nyumba, kama watoto wachanga wanaodeka. Nikashuka. Kulikuwa na mabanda mawili marefu ya matofali, yenye giza ndani, na mwenye nyumba alikuwa anabeba mzigo wa mianzi mibichi begani. Alinitazama kwa wasiwasi. Nadhani alikuwa ameshaona wageni wakipiga kelele.

"Nini hicho?" nikauliza.

Alisita, kisha akafunua bamba la kizimba kimoja. Ndani, juu ya sakafu ya vigae, alikaa mnyama wa kijivu, mnene kama sungura, macho madogo kama punje za pilipili manga, na meno mawili ya manjano yaliyotoka nje ya midomo. Alikuwa ameshika kipande cha mwanzi kwa mikono yote miwili na kukitafuna.

"Zhushu," akasema. Panya wa mianzi.

Nikachuchumaa. "Huyu kwetu tunamla," nikasema. "Si huyu hasa. Mdogo wake."

"Mnamla?"

"Tunambanika. Kwa moshi."

Alinitazama tena, safari hii kwa namna nyingine kabisa, akamwita mkewe aje asikie.

Huku mtu wa umri wake unamwita shushu, baba mdogo, na mkewe ayi, mama mdogo. Nilitaka kuwaheshimu hivyo, lakini lugha yao ni ya sauti za kupanda na kushuka na ulimi wangu ni mzito. Siku moja wageni walikuja kununua, nami nikamwita mwenye nyumba kwa sauti kubwa kutoka ngazini, na wote wakageuka. Badala ya shushu nilikuwa nimemwita zhushu, panya wa mianzi. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Baba mdogo hakucheka, ila jioni alipokuwa anakula peke yake nilimwona mabega yanamtikisika.

Siku ambazo sikuwa na mzigo wa kukagua nilimsaidia. Nilijifunza kwamba panya hawa hawanywi maji, maji yao yamo ndani ya muwa na mwanzi. Kwamba hawapendi mwanga wala kelele, na mama aliyezaa ukimshtua anakula watoto wake. Unamwinua kwa mkia, mkono mwingine ukiwa tayari chini ya kifua. Baba mdogo alimjua kila mmoja. Kulikuwa na jike mmoja mzee, ameshazaa mpaka amechoka, ambaye hakuuzwa. Aliwekwa kizimba cha kwanza mlangoni na kupewa kipande cha muwa kabla ya wengine. Niliuliza kwa nini.

"Alianza naye," akajibu mama mdogo. "Yeye na dume wake. Wengine wote hawa ni wajukuu."

Ufugaji huo ulikuwa umesifiwa kijijini kama njia ya kutoka kwenye umaskini. Watu walikuja kupiga picha mabanda, na baba mdogo akasimama mbele yake ameficha mkono wake wa kulia mfukoni. Walinunua wenye mahoteli, na wakati wa sikukuu hata watu binafsi walipanda kilima. Nyuma ya vizimba, kwenye magunia ya mahindi, walikaa pia panya wa kawaida, wale weusi wa nyumbani, wakila makombo. Baba mdogo aliwatupia mateke bila hasira. "Hawa hakuna anayewataka," alisema, "ndiyo maana wako wengi."

Mteja wangu mkubwa wakati huo alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, mjane, mcheshi, mwenye kuvaa kitenge hata katika baridi ya Januari. Alikuja Xintang kuangalia mzigo wake, nami nikamleta nyumbani kula. Mama mdogo alikuwa ameunguza manyoya, akakwangua ngozi mpaka ikawa ya dhahabu, akapika kwa tangawizi na maganda makavu ya chungwa. Mama wa Lubumbashi alikula kipande cha kwanza. Akala cha pili.

"Eh, papa," akaniambia. "Hii ni nini?"

"Kula kwanza."

"Hii ni simbiliki! Simbiliki kabisa, sawa ya kwetu! Miye sikuwaza nitakula tena hii kitu." Simbiliki kwao ni ndezi, panya mkubwa wa majanini. Akamshika mama mdogo mkono, akaubusu, mama mdogo akaona haya na kuziba uso kwa aproni. Hawakuwa na neno moja la pamoja, lakini walikaa jikoni alasiri nzima, mmoja akionyesha, mwingine akikubali kwa kichwa.

Nilimpigia mke wangu simu ya video kumhadithia. "Yaani umeenda mpaka China," akasema, "kutafuta panya."

"Hawa wasafi. Wanakula mianzi tu."

"Hata wewe unaogopa kunitazama," akasema, na kweli kamera nilikuwa nimeielekeza darini.

Mwaka mpya uliofuata ndipo korona ilipoingia. Kwanza barabara ya kijiji ilifungwa kwa mawe na bendera nyekundu. Halafu likaja agizo kwamba wanyama wa porini na wanaofugwa kama wa porini wasiuzwe, wasisafirishwe, wasitoke mabandani. Hakuna aliyekuwa na hakika maradhi yalitoka wapi, na agizo halikumlaumu mtu. Lilisema tu wasitoke. Mtoto wao hakuweza kuja sikukuu. Tulibaki watatu, na mabanda mawili ya panya waliokuwa wakila kila siku.

Kwa wenzangu mjini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wapo Waafrika waliotolewa vyumbani mwao kwa kushukiwa maradhi, wakalala na masanduku yao nje. Mtu mmoja wa kijijini alikuja mlangoni kwetu, barakoa mpaka chini ya macho, akauliza kwa nini mgeni bado yumo humu. Baba mdogo alisimama kwenye kizingiti akamwambia, "Huyu ni wa nyumba hii," akafunga mlango. Kwa maneno alikuwa bahili, na hayo hakuyarudia kamwe, wala mimi sikumshukuru ipasavyo kwa kukosa lugha.

Tulikata mianzi ya kilima chote. Muwa ulipokwisha tulikata matete. Wanyama walizaa, maana hawakujua kuna agizo, na vizimba vikajaa. Baba mdogo akaacha kuwahesabu, akawa anasema, "Itafunguliwa. Wamezuia, hawajakataza." Alikuwa anatafuta tofauti ya maneno hayo mawili kila jioni kwenye simu, kidole kimoja kikipandisha habari juu.

Wakakataza. Panya wa mianzi hawatafugwa tena kwa kuliwa. Waliopo waondolewe, mfugaji atalipwa kiasi fulani.

Maofisa walikuja asubuhi ya mvua nyembamba, wamevaa nguo nyeupe za plastiki kuanzia kichwani. Walikuwa na adabu. Mmoja wao alimwinamia mama mdogo alipompa maji ya moto, ingawa hakuyanywa. Shimo lilikuwa limeshachimbwa kwenye miti ya lichi, na magunia ya chokaa yamepangwa kando. Mimi niliambiwa nipande juu, mgeni asiwepo, nikapanda, nikasimama dirishani.

Wafanyakazi walianza kutoa wanyama kwa koleo la chuma. Panya walilia, na ile sauti ya watoto ikajaa uani kote. Baba mdogo akawaambia waache. Akavua glavu zake, akaingia bandani, akaanza kuwatoa mwenyewe, mmoja mmoja, mkono wa vidole vitatu kwenye mkia na mwingine chini ya kifua, akiwakabidhi gunia lililo wazi. Kwake hawakulia. Nilitamani walie. Aliendelea hivyo mpaka mchana, mvua ikimchuruzika shingoni, na alipofika kwenye yule jike mzee alisimama naye kidogo, akamgeukia ofisa.

Kutoka dirishani nilimsikia akisema, "Huyu si wa kuliwa. Huyu ni wa kukaa tu."

Ofisa alitikisa kichwa. Akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, na mkono wake wa plastiki ukamgusa baba mdogo begani. Jike akaingia guniani.

Mama mdogo wakati wote huo alikuwa jikoni akikata mboga, sufuria nzima, kisha nyingine. Hatukula usiku huo.

Baada ya hapo mama mdogo alisugua vizimba vyote kwa dawa, siku baada ya siku, ijapokuwa hakuna aliyemwagiza. Baba mdogo alikuwa akilala tu. Aliamka muda ule ule wa zamani, akachukua panga, akafika mlangoni, akalirudisha panga ukutani na kulala tena. Fidia ilikuja, ikaenda kwenye mkopo wa mabanda, na haikuutosha.

Wale panya weusi sasa hawakuwa na mahindi, wakahamia nyumbani. Walikula sabuni. Walikula mshumaa wa madhabahu ya mababu, na waya wa intaneti ya chumbani kwangu. Waswahili tunasema fulani anauma na kupuliza; neno hilo tulilitoa kwa panya, na mimi niliyetoka katika nchi ya kuwala ndiyo kwanza nilikuja kulijua kwa mwili, nilipoamka asubuhi nikakuta ngozi ya kisigino imeliwa na sikuhisi kitu.

"Kwenu mnawategaje?" baba mdogo aliniuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya wiki nyingi, nikafurahi, nikatengeneza mitego ya jiwe na kijiti kama tulivyofanya utotoni. Tulinasa wachache. Waliobaki walijifunza, wakawa wanapita kando ya mtego kama watu wanaomkwepa mlevi njiani.

Akajaribu kuku. Mtoto wake alituma pesa ya vifaranga, vikawekwa kwenye vizimba vile vile. Panya waliingia kwa chini, kupitia mifereji ya kutolea kinyesi, wakavimaliza kwa siku chache. Akaweka sumu. Sumu ilimuua mbwa wao, mbwa mwekundu mzee aliyekuwa akilala miguuni mwa mama mdogo. Akamzika, akarudi ndani, akaketi. Mama mdogo hakumlaumu hata kwa neno moja, ingawa ndiye aliyekuwa mwenye maneno nyumbani humo.

Ndugu yao, yule laoban wa jinzi, kwa kuwahurumia, alikodi mabanda yawe stoo ya marobota yake, na mama mdogo akapewa kazi karakanani ya kukata nyuzi zinazobaki kwenye mishono. Nilikuwa nampita kwenye kigoda chake kidogo, mikono imegeuka bluu mpaka kwenye viwiko. Aliniambia rangi haitoki, hata kwa ndimu. Nikamwambia itatoka. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayekudanganya kwa wema.

Safari zilipofunguliwa mama wa Lubumbashi alirudi, amekonda, mtaji wake umepungua nusu. Aliagiza jinzi za watoto na za wanaume, na laoban akazihifadhi mabandani zikingoja kontena. Siku ya ukaguzi tulifungua robota la kwanza mbele yake. Lilikuwa zuri. La pili lilikuwa na harufu. Nilipotia mkono katikati niligusa kitu cha vuguvugu kinachotikisika, nikautoa mkono haraka. Kulikuwa na kiota, kimefumwa vizuri kwa nyuzi za bluu zilizotafunwa, na watoto wa panya ndani, wekundu, vipofu. Tukafungua mengine. Mahali pengine suruali zilitobolewa kuanzia kiunoni hadi miguuni, mahali pengine zimelowa mkojo tu, lakini nani atachambua?

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia akakichukua kile kiota, akakishika, akakitazama, na nikadhani atakitupa ukutani. Akakirudisha pale pale kilipokuwa.

"Papa," mama wa Lubumbashi akaniambia polepole, "miye nitauzisha nani hii?"

"Laoban atatengeneza nyingine."

"Atatengeneza na nini? Unamuona?"

Laoban alikuwa amekaa juu ya robota, simu mkononi, hampigii mtu.

Kabla hajaondoka mama wa Lubumbashi alikwenda jikoni kuagana na mama mdogo. Wakashikana mikono, mmoja ya bluu mmoja ya kahawia. Hawakuonyeshana kitu safari hii. "Pardon," akasema yule wa Lubumbashi, na mwingine akaitikia kwa kichwa, hajui ameombwa nini. Sijamwona tena. Nasikia sasa ananunua Dubai.

Laoban alifunga karakana kabla ya msimu wa lichi. Mimi nilikosa kazi upande ule, nikahamia mjini, kwenye chumba ninachochangia na vijana wa Zanzibar. Wateja ni wachache. Wengi wanaagiza wenyewe kwa simu na hawahitaji macho ya mtu. Mke wangu anasema, "Rudi." Namwuliza nirudi na nini, naye anasema nirudi na miguu yangu. Mara nyingi ni yeye anayekata simu.

Mwezi uliopita nilipanda kilima. Nilikuwa nimeambiwa baba mdogo alipata kiharusi. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, upande mmoja wa uso umeshuka, ule mkono wa vidole vitatu umelala mapajani kama si wake. Mabanda yamefunguka, mabati yameondolewa upande mmoja. Panya mmoja alipita uani mchana kweupe, bila haraka, akaingia jikoni, na hakuna aliyeinuka.

Mama mdogo aliniletea kiti na maji ya moto. Siku hizi anafagia barabara ya kijiji. Mtoto amesema atakuja kuwachukua, lakini chumba chake ni kidogo na mkewe ana mimba. Nilimwuliza kama daktari anatoa matumaini.

"Daktari anasema ale laini," akajibu.

Tulikaa. Baba mdogo akaniangalia kwa jicho lile linalofumba vizuri, mdomo ukaanza kuhangaika, na sauti ikatoka, ndefu, yenye mate, isiyo na maneno. Niliinama karibu. Akairudia. Nilimgeukia mama mdogo.

"Anauliza kama umekula," akasema.

Nikamshika goti. "Nimekula, baba mdogo. Nimeshiba." Nilikuwa sijala tangu jana yake.

Hakuonekana kunisikia. Sauti ile ile ikatoka tena, na tena, huku akitazama mbele.

"Usijisumbue," mama mdogo akasema, akimfuta kidevu kwa pembe ya aproni. "Hajui kama ni wewe. Kutwa anauuliza hata ukuta."

Basi la mwisho la kwenda kituo cha treni huondoka mapema siku hizi. Niliaga, nikateremka.